Kuirejesha kompyuta iliyogoma: zana za Windows yenyewe na za pembeni, nilivyozijaribu kwenye steshenari yangu Mbeya

Nina steshenari ndogo maeneo ya Kabwe, jijini Mbeya, yenye kompyuta tatu, printa mbili na mashine moja ya fotokopi. Asubuhi moja ya mwezi Juni, baridi ya kwetu ikiwa imekolea, umeme ulikatika wakati kompyuta kubwa ikiwa katikati ya kujisasisha. Uliporudi, mashine iliwaka, ikazungusha vidoti vyake kwa muda mrefu, kisha ikaleta skrini ya bluu iliyosema kwamba imeshindwa kujitengeneza. Fundi kijana niliyemwita aliitazama kwa dakika mbili tu. "Mama, hapa dawa yake ni kupiga Windows." Ikapigwa, yaani Windows ikafutwa na kuwekwa upya. Mafaili ya wateja yalisalimika kwa sababu aliyahamishia kwanza kwenye diski ya nje, lakini draiva ya printa ya zamani (programu inayoiwezesha kompyuta kuiendesha printa), ambayo CD yake ilikwishapotea, ilitusumbua siku tatu, na fonti nilizokuwa nikitumia kwenye kadi za harusi sijazipata zote mpaka leo.

Hasara hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kulinganisha zana zinazokuja na Windows na zile za kupakua, nikizijaribu kwenye mashine zangu mwenyewe na kwa kazi hii ya kila siku.

Ya kwanza ni System Restore, ambayo imekuwemo tangu Windows Me ya mwaka 2000. Huweka kumbukumbu ya mafaili ya mfumo, draiva na mipangilio, ili mambo yakiharibika uirudishe mashine katika hali ya siku fulani bila kugusa nyaraka zako. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana: draiva mpya iliponivurugia printa, niliirudisha mashine nyuma kwa siku mbili na ndani ya robo saa nilikuwa nachapa tena. Tatizo ni kwamba wengi huikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa. Kwenye kompyuta zangu zote tatu niliikuta imezimwa, na ikizimwa haiweki kumbukumbu yoyote. Isitoshe, kwenye Windows 11 toleo la 24H2 kumbukumbu hizo hutunzwa kwa siku zisizozidi 60, kwa hiyo asitarajie mtu kurudi mwaka jana.

Ya pili, Reset this PC, ndiyo kupiga Windows bila fundi. Inakuuliza kama unataka kubaki na mafaili yako au kufuta kila kitu. Wengi huchagua kubaki na mafaili wakidhani wamesalimika, kumbe programu zote walizojiwekea zinaondolewa, na wanachoachiwa ni orodha ya majina yake juu ya deski ya kompyuta. Orodha hiyo niliisoma kwa uchungu kidogo, maana kujua jina la programu ya printa si sawa na kuwa nayo. Kisha kuna swali la Windows mpya itoke wapi. Ukichagua itengenezwe kutokana na mafaili yaliyomo ndani ya mashine, na mafaili hayo ndiyo yaliyoharibika, zoezi linaweza kugoma njiani. Ukichagua ipakuliwe kutoka intaneti, inaweza kula zaidi ya GB 4, na kwa anayenunua bando la siku hilo ni jambo la kupigia hesabu kabla ya kubonyeza.

Ya tatu ni flashi ya kuokolea, ambayo Windows huiita Recovery Drive, na ni rahisi kuitengeneza. Inahitaji ukubwa wa angalau GB 16, na hufutwa yote kabla ya kuandikwa, basi usitumie ile yenye picha za kipaimara. Itakuwashia mashine iliyogoma na kukuwekea Windows upya, ila nyaraka na programu zako hazimo.

Udhaifu mkubwa wa System Restore na Reset kwa anayebaki na mafaili ni uleule: vyote viwili vinategemea diski iliyomo ndani ya mashine. Mfumo ukivurugika na diski ikiwa nzima, vitakusaidia. Diski yenyewe ikifa, vimekufa nayo. Windows inayo zana ya zamani ya kuchukua nakala kamili ya diski, ila Microsoft ilikwisha kuitangaza mwaka 2017 kuwa haiendelezwi tena, na ikawashauri watumiaji watafute zana za kampuni nyingine. Mwenye duka akikuelekeza kwa jirani, hakuna sababu ya kubishana naye.

Kwa jirani huko nilianza na Clonezilla. Ni ya bure, inawaka kutoka kwenye flashi bila kuhitaji Windows, na hunakili sehemu za diski zenye kitu tu, ikiruka tupu. Diski yangu ya GB 256, iliyokuwa imejaa kiasi cha GB 90, ilitoa nakala ya GB 50 hivi. Sura yake ndiyo inayotisha: hakuna kipanya, ni maandishi matupu, na diski zinaitwa sda na sdb badala ya majina unayoyajua. Mara ya kwanza nilikaribia kuiandikia diski ya nje yenye nakala zangu, nikidhani ndiyo ya kompyuta. Iliponiuliza kwa mara ya pili kama nina uhakika, nilisoma ukubwa uliokuwa umeandikwa pembeni na kidole kikasita juu ya herufi y. Tangu siku hiyo ninaangalia ukubwa kwanza, jina baadaye. Ijulikane pia kwamba kwa kawaida haikubali kurejesha nakala kwenye diski ndogo kuliko ya asili.

Rescuezilla inafanya kazi ileile kwa kipanya na vitufe vya kueleweka, na inazisoma nakala za Clonezilla. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye duka asiye fundi. Niliijaribu kwa kuchomoa diski ya zamani, nikaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) mpya ya GB 500, nikairejesha nakala. Ilichukua kama dakika 40. Mashine ilipowaka, printa ya zamani ilitoa ukurasa wa majaribio kana kwamba hakuna kilichotokea. Jaribio hilo lina thamani kuliko sifa zote zilizoandikwa kwenye tovuti, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huwezi kuitegemea.

Veeam Agent ya bure inafaa kwa anayesahau, kwa kuwa inachukua nakala kwa ratiba huku kazi ikiendelea na inaruhusu kuchomoa faili moja tu kutoka kwenye nakala hiyo. Macrium Reflect ya bure, ambayo mafundi wengi bado wanaitaja, huduma yake ilikoma Januari 2024. Za kulipia kwa mwaka, kama Acronis, ni nzuri, ila kwa steshenari yangu sikuona kinachostahili gharama hiyo. Programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka kwenye flashi za watu, sizigusi: mfumo wa kuokolea uliobeba virusi ni balaa juu ya balaa.

Tahadhari moja inayozihusu zana zote: diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayozuia diski isisomwe bila ufunguo, jambo linalotokea kwenye kompyuta nyingi mpya bila mwenyewe kujua, utatakiwa kuwa na ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, zana za Windows zitakuzuia, na Clonezilla itanakili diski nzima, tupu na jaa, kwa saa nyingi. Wangu nimeuandika kwenye daftari la mauzo, ukurasa wa mwisho.

Kwa sasa kompyuta kubwa ina System Restore iliyowashwa pamoja na nakala ya Rescuezilla, ninayoichukua kila mwisho wa mwezi kwenye diski ya nje inayolala nyumbani, si dukani. Ya pili inatumia Veeam. Ya tatu, ya kuchapia barua tu, nimeiachia zana za Windows pekee. Diski yake ikifa, nitampigia fundi yule kijana.