Hosti gani ununue kwa Laravel, Django au Node: napanga kuanzia namba 1 hadi 4

Wadau, kila nikifungua meseji nakuta mtu ananiuliza anunue hosti gani (sehemu ya kuweka tovuti ionekane mtandaoni), na mara nyingi ameshabandika picha ya mabando matatu, la giga 10, la giga 50 na lile la "bila kikomo", anataka nimchagulie. Nikimuuliza tovuti umeiandika kwa lugha gani ananijibu "aah ni tovuti ya kawaida tu". Sasa mimi nitajuaje? Giga za diski ndo kitu cha mwisho kabisa kuangalia. Cha kwanza ni lugha yako inaishi vipi ndani ya seva.

Iko hivi. PHP, lugha ya Laravel na WordPress, inazaliwa na kufa kwa kila rikwesti, yaani mtu anafungua ukurasa, inasoma faili, inaongea na databesi, inatema HTML halafu inasahau kila kitu kama haijawahi kukuona. Ndo maana seva moja inabeba tovuti kibao za watu wasiojuana, na ndo maana hosti za bei rahisi zimejengwa juu ya PHP miaka yote hii tangu Rasmus Lerdorf aitoe hadharani 1995. Node (JavaScript), Django (Python) na Rails (Ruby) ziko tofauti, hizo unaziwasha zinabaki zimewaka usiku na mchana, zinakalia RAM yao hata kama hajaingia mgeni hata mmoja. Mtu anayekuuzia bando rahisi hapendi kabisa mpangaji wa namna hiyo, ndo chanzo cha nusu ya ugomvi wa wateja na sapoti.

Namba 1: VPS ndogo, RAM giga 2

Hii ndo naipa kiti cha mbele kwa yeyote anayejua, au yuko tayari kujua, kuingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali. VPS ni kipande cha seva ulichotengewa peke yako, unaweka toleo unalotaka. Laravel 11 iliyotoka Machi 2024 inataka PHP 8.2 kwenda juu, Django 5 inataka Python 3.10 kwenda juu, na kwenye VPS humpigii mtu magoti akuwekee.

Kwanini giga 2? Kwa sababu mimi nilinunua ya mega 512 nikijiona mjanja. Tovuti yenyewe ilikuwa inatembea poa tu, ila siku ya kwanza nimepiga `composer install` (amri ya kushusha paketi za PHP) terminali ikafikiria weee halafu ikaandika neno moja, `Killed`. Hakuna eror, hakuna mstari wa ngapi, hakuna kitu. Nikahangaika mpaka alfajiri nikidhani faili langu bovu, nimefuta nimerudisha, kumbe RAM iliisha na Linux ikaamua kuua prosesi ili seva yenyewe isife. Niliongeza swap ya giga 2 (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ikapita mara ya kwanza. Node nayo ndo vilevile, `npm run build` (amri ya kuandaa kodi kabla ya kuiwasha) inakula RAM kuliko tovuti yenyewe ikishawaka, kwa hiyo usipime kwa wageni, pima kwa siku ya kupandisha mzigo.

Ubaya wake ni kwamba fundi ni wewe. Apdeti, faiawoli, bekapu, vyote juu yako. Chukua Ubuntu ya LTS maana inasapotiwa miaka 5, cheti cha SSL chukua Let's Encrypt ni bure ila hakikisha kinajirenyu chenyewe, na ile bekapu ya kila siku wanayokuuzia kwa nyongeza kidogo lipia tu usibishe.

Namba 2: hosti ya kushea na wengine, zile za cPanel (paneli ya kubofyabofya)

Kama ni WordPress basi kwako hii ni namba 1, acha kusoma kanunue. Kama ni Laravel inaingia pia, ila kuna mambo ya kuuliza KABLA ya kulipa.

La kwanza toleo la PHP. Bado kuna watu wanauza seva zenye 7.4 ambayo sapoti yake iliisha Novemba 2022, ukiona hivyo kimbia.

La pili, na hapa naomba utulie kidogo. Laravel ina folda inaitwa `public`, hiyo tu ndo inatakiwa kuonekana na dunia. Sasa hosti ya kushea inakupa `public_html`, na mtu akishachoka anamwaga mradi mzima mule ndani halafu anachezea `.htaccess` (faili la mipangilio ya seva) mpaka ukurasa wa mwanzo utokee, anafurahi, analala. Kumbe ukiandika jina la tovuti yake, mkwaju (/), halafu `.env`, linafunguka faili lenye paswedi ya databesi, paswedi ya barua pepe, funguo za malipo, vyote vimeandikwa wazi kama orodha ya sokoni. Na kuna boti kazi yao ni kupita tovuti moja baada ya nyingine zikiomba faili hilo hilo. Kwa hiyo uliza kama unaweza kuelekeza domeni kwenye folda ya `public`. Wakisema haiwezekani, mradi wote uweke nje ya `public_html`, mule ndani uache vilivyomo kwenye `public` tu.

La tatu cron, kile kinachoamsha kazi kwa ratiba. Ratiba ya Laravel inataka kuamshwa kila dakika, baadhi ya hosti zinaruhusu kila dakika 5 au 15 tu, na mfanyakazi wa foleni (prosesi ya kazi za nyuma, kama kutuma barua pepe) anayetakiwa kuwaka muda wote huwa anauliwa kimyakimya. Halafu hiyo "bila kikomo" huwa ina kikomo cha IDADI ya faili, na folda ya `vendor` yenye paketi za PHP peke yake inaweza kuwa na maelfu, tusiongelee `node_modules` ya Node. Na soma bei ya mwaka wa pili, ile kubwa iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Django na Node kwenye cPanel? Kuna kitufe, ndiyo. Sishauri.

Namba 3: majukwaa ya kusukuma kwa git

Hapa unapiga `git push` (amri ya kutuma kodi yako) mambo yanajipanga yenyewe, mtindo uliopata umaarufu na Heroku. Kwa Django, Rails na Node ni raha sana kama hutaki kugusa seva, na kama mteja ndo analipa ningeipandisha namba 2. Ila diski yake kwa kawaida ni ya muda. Nilishawahi kupandisha apu ya mteja kwenye jukwaa moja, watu wanaweka picha zao vizuri, asubuhi zote hazipo, nikamlaumu aliyeandika fomu (ni mimi) kumbe mashine ikijiwasha upya inaanza na diski safi. Picha zinatakiwa kwenda kwenye stoo ya nje, nayo inalipiwa. Databesi inalipiwa. Mfanyakazi wa foleni analipiwa. Jumlisha vyote ndo ulinganishe na VPS, usilinganishe ile bei ya mwanzo.

Namba 4: serverless

AWS Lambda ya Amazon ilianza 2014 na wazo lake ni zuri, kodi yako inawashwa rikwesti ikija na unalipia matumizi hayo tu, na ukiangalia vizuri ni kama PHP imerudi kwa mlango wa nyuma. Next.js (ya JavaScript) inakaa vizuri huku. Ila rikwesti ya kwanza baada ya ukimya inachelewa, kazi ya Lambda haivuki dakika 15, na wageni wakimiminika kila nakala ya kodi yako inafungua koneksheni yake mpaka databesi ya MySQL inagoma. Boti wakikuvamia usiku bili ni yako, kwa hiyo weka alama ya tahadhari ya matumizi siku ileile ya kujiandikisha.

Popote utakapoenda domeni nunua kwingine, na anza kwa kulipa mwezi mmoja hata kama wa mwaka una punguzo. Kabla hujatoa hela watumie sapoti ujumbe huu: "Naweza kuelekeza domeni kwenye folda ya public, na cron ya kila dakika mnaruhusu?" Wakikujibu kwa linki ya mabando, funga ukurasa.