Siku kumi na nne na mkandaji wa wazazi

Nilijifungua mtoto wangu wa pili hapa Dar es Salaam, kwa njia ya kawaida, mama yangu akiwa Tanga na nyumbani hapana mtu mzima wa kunihudumia. Nikamwajiri mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye kazi yake ni kuhudumia wazazi, tukakubaliana siku 14 za mwanzo wa arobaini kwa shilingi 15,000 kwa siku, naye akanikanda, akanifunga mkaja, yaani kitambaa cha kukaza tumbo, akanipikia na kumwogesha mtoto.

Chakula chake sina neno nacho: uji wa ulezi wenye pilipili manga, mtori, na samaki wa mchuzi. Lakini lililonifanya niandike ni siku ya tatu, maziwa yalipojaa hadi matiti yakawa magumu na mtoto akashindwa kushika. Alinikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, akanielekeza kukamua kidogo ili ziwa lilainike, kisha akanisubirisha mpaka mtoto afunue kinywa vizuri, ashike na sehemu nyeusi ya ziwa, si chuchu peke yake. Kwa mtoto wa kwanza niliteseka wiki tatu na michubuko kwa kukosa mtu wa kunionyesha hilo.

Kasoro yake ni maji ya moto. Siku ya kwanza alitaka kunikanda kwa maji yanayofuka mvuke mpaka kwenye mshono, jambo ambalo muuguzi alikuwa amenikataza kwa sababu huunguza na kuchelewesha kidonda kupona. Nilikataa, naye hakununa. Tangu hapo alikanda mgongo na miguu tu, kwa maji ya kiasi. Mkaja nao aliukaza mno, ikabidi aulegeze ili nipumue. Aliyejifungua kwa upasuaji asikubali kabisa kukandwa tumbo. Kitovu alikiacha kikavu, bila kukipaka chochote, na hapo alinipa imani kubwa.

Siku ya sita macho ya mtoto yaligeuka manjano, akawa mzito wa kunyonya. Jirani mmoja alishauri tumwanike jua la asubuhi. Mkandaji wangu alimtazama mtoto, akasema, “Mwanangu, jua halitoshi hapa, vaa twende hospitali.” Alipimwa damu, akawekwa chini ya taa maalumu kwa siku mbili, akapona.

Huduma hii haichukui nafasi ya kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita, na mama huyu ndiye aliyekuwa akinikumbusha tarehe zilizo kwenye kadi. Nikijaliwa mwingine nitamwita tena, na beseni la maji nitalipima kwa kiwiko changu kabla hajaanza.