Mafunzo ya watia nia vijana mjini Morogoro: siku tatu nzuri zilizokwama kwenye tarehe ya kuzaliwa

Mwezi Septemba 2024, majuma machache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba, niliwapeleka vijana wanne niliowahi kuwafundisha somo la uraia kwenye mafunzo ya siku tatu yanayoandaliwa na taasisi moja ya kiraia mjini Morogoro kwa ajili ya vijana wanaokusudia kugombea uongozi. Mimi nilihudhuria kama mlezi wao, nikakaa ukumbini tangu Ijumaa asubuhi hadi Jumapili jioni. Ninaandika haya kwa sababu awamu nyingine imetangazwa, na wazazi pamoja na walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama ada ya shilingi 60,000 ina thamani yake. Taasisi siitaji kwa jina, kwa kuwa malalamiko yangu nimekwisha kuwaandikia wenyewe, na chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko hayo ni sheria wanayoifundisha, si wao.

Kuhusu mazingira sina la kulaumu. Ukumbi ulikuwa safi, vipaza sauti vilifanya kazi, chai na maandazi vilikuja kwa wakati saa nne, na mchana tulikula wali kwa maharage na mchicha. Kila mshiriki alipewa kabrasha lililoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, lenye vifungu vya Katiba vinavyohusu uchaguzi na mifano ya fomu zilizojazwa vizuri na zilizojazwa vibaya. Kabrasha hilo nalitumia darasani mpaka leo.

Thamani hasa ya mafunzo iko kwa wakufunzi. Walikuwa watatu: mwanasheria, mtendaji wa kata aliyestaafu, na mama mmoja aliyekuwa diwani kwa vipindi viwili. Huyu mama ndiye aliyenivutia zaidi, kwa sababu alifundisha siasa kama kazi ya watu na watu. Aliwapanga vijana wawili wawili, mmoja akawa mgombea na mwenzake akawa mzee aliyeketi kibarazani, kisha akawasahihisha mmoja baada ya mwingine, kuanzia namna ya kupiga hodi hadi namna ya kuaga bila kutoa ahadi usiyoweza kuitimiza. Kijana mmoja alipoanza moja kwa moja na habari za ilani, alimsimamisha: “Mwanangu, ukifika kwa mzee ukatanguliza ilani kabla ya shikamoo, kura za nyumba ile umeziacha mlangoni.” Saa mbili nzima walirudia zoezi hilo, na hadi mwisho hata wale waliokuja wakiwa na haya walikuwa wakizungumza kwa utulivu.

Mwanasheria naye alieleza vizuri masharti ya kugombea. Ibara ya 67 ya Katiba ya mwaka 1977 inamtaka mgombea ubunge awe raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Kijana aliyeuliza kuhusu mgombea binafsi alijibiwa kwa ukamilifu, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyotolewa Arusha tarehe 14 Juni 2013, ambayo iliona kwamba kumzuia raia kugombea nje ya chama ni kuvunja haki zake. Aliongeza kwamba katazo hilo lingali katika sheria zetu. Majibu ya namna hii, yasiyomficha kijana kitu wala kumkatisha tamaa, ni nadra kuyapata mahali pengine.

Jumamosi mchana lilikuja zoezi la bajeti, na hapo ndipo jambo ninalotaka kulieleza lilipoanza. Kila kundi lilipewa karatasi ya mradi wa kioski cha maji cha mtaa, likatakiwa kupanga matumizi na kuyatetea mbele ya wenzao waliojifanya wakazi kwenye mkutano wa mtaa. Katika vijana wangu wanne, mdogo kuliko wote alikuwa binti wa miaka 19, aliyezaliwa Juni 2005, ambaye nyumbani kwao ndiye mtunza daftari la kikundi cha vikoba cha mama yake. Aliichukua karatasi, akaipitisha kalamu kwenye safu ya mabomba, akarudia mara ya pili, kisha akainua mkono na kusema kwa adabu kwamba jumla iliyochapwa haikulingana na bei na idadi zilizoandikwa juu yake. Mtendaji mstaafu alikuja, akapiga hesabu kwa simu yake, akakubali. Karatasi ile, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa imetumika katika awamu zilizotangulia na hakuna mshiriki aliyewahi kuliona kosa hilo. Kundi la binti huyo lilipotetea bajeti yake, yeye ndiye aliyejibu maswali ya wakazi, pamoja na lile gumu la nani atakayeshika funguo za kioski na fedha za kila siku zitapelekwa wapi.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya zoezi kubwa, ambalo ndilo linalotangazwa kwenye kipeperushi cha mafunzo: uteuzi wa mfano. Ukumbi ulipangwa meza nne. Kwenye meza ya kwanza mtia nia anachukua fomu, kwenye ya pili anapata wadhamini, ambao kwa mgombea ubunge hawapungui wapiga kura 25 wa jimbo lake, kwenye ya tatu anairudisha fomu kwa msimamizi wa uchaguzi, na kwenye ya nne anajibu pingamizi. Ni zoezi la maana sana, maana sote tumewahi kusikia habari za watia nia walioenguliwa kwa sababu ya kosa la ujazaji wa fomu, na kosa hilo ni afadhali ulifanye ukumbini kuliko mbele ya msimamizi wa kweli.

Binti alijaza fomu yake kwa mwandiko ulionyooka, akaipeleka meza ya kwanza. Mwanasheria aliisoma, kidole chake kikasimama kwenye nafasi ya tarehe ya kuzaliwa. Akamwambia, kwa upole wa kweli, “Mdogo wangu, wewe bado. Kaa na waangalizi.” Pembeni ya ukumbi palikuwa na benchi la waangalizi, na juu yake walikwisha kukaa vijana watano wengine wa miaka 18 hadi 20. Binti aliikunja fomu mara mbili, akaiweka ndani ya kabrasha, akakaa nao. Kwa saa tatu zilizofuata vijana sita waliolipa ada ileile waliwatazama wenzao wakijifunza kile walichokuja kujifunza, na jioni wakapewa cheti tofauti, kilichoandikwa “mshiriki mwangalizi”.

Hili ni kosa la huduma, na ninalitaja kama kosa la huduma. Kipeperushi kilisema mafunzo ni kwa vijana wa miaka 18 hadi 35, na hakikusema popote kwamba walio chini ya miaka 21 hawataruhusiwa kwenye zoezi kuu. Zoezi la mfano halihitaji ruhusa ya sheria, kama vile mwanafunzi wa udereva hahitaji kuwa na leseni ya daraja la juu ndipo afundishwe kuendesha. Kama waandaaji wanaona lazima wawatenge, basi wapunguze ada na waseme mapema.

Lakini jioni ile, hata kabla ya vyeti kutolewa, niligundua kwamba hasira yangu ilikuwa imevuka ukumbi. Kwa miaka mingi nimefundisha darasani kwamba mpiga kura ni mwenye miaka 18 na mgombea ni mwenye miaka 21, nikaiona tofauti hiyo kuwa ndogo, miaka mitatu tu ya kukomaa. Sikuwahi kuipigia hesabu pamoja na kalenda. Uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao nao unamtaka mgombea awe na miaka 21, hufanyika kila baada ya miaka mitano, na uchaguzi mkuu vivyo hivyo. Binti huyu alijiandikisha Oktoba kwenye orodha ya mtaa wao, na Jumatano ya tarehe 27 Novemba alipiga kura. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 ulimkuta na miaka 20. Ule wa mitaa unaofuata, mwaka 2029, utamkuta na miaka 24, na uchaguzi mkuu wa 2030 utamkuta na miaka 25. Sheria inasema 21, lakini kwake lango la kwanza litafunguka akiwa na miaka 24. Miaka hiyo yote ataweza kuajiriwa, kushtakiwa kama mtu mzima, kusaini mkataba wa mkopo na kulipa kodi, na daftari la vikoba litaendelea kuwa mikononi mwake. Atakachokosa ni haki ya kuwaomba majirani zake wamchague asimamie kioski cha maji.

Nilimweleza mama diwani hesabu hii tulipokuwa tukingoja vyeti. Hakunipinga juu ya uwezo wa binti, kwa kuwa zoezi la Jumamosi alilishuhudia mwenyewe. Hofu yake ilikuwa nyingine, na ninaiheshimu: kwamba msichana wa miaka 18 akiingia kwenye vikao vya watu wazima wenye fedha na mamlaka ataombwa rushwa ya ngono, na hatakuwa na wa kumsemea. Nimeifikiria hofu hiyo sana. Naiona ni ya kweli, ila siamini kwamba miaka mitatu inaiponya, kwa sababu wanawake wa miaka 30 nao huombwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na kinachomlinda msichana ni sheria hiyo kutekelezwa na vyama kuwatoa wahusika bila kujali vyeo vyao. Kumweka msichana nje ya mlango kwa sababu ya ubaya wa walio ndani ni kumwadhibu asiyekosa.

Majirani zetu wamekwisha kulijaribu jambo hili. Nchini Kenya, chini ya Katiba ya mwaka 2010, anayeweza kuandikishwa kuwa mpiga kura hazuiwi na umri kugombea ubunge, na mwaka 2017 wapiga kura wa Igembe Kusini, Meru, walimchagua John Paul Mwirigi akiwa mgombea binafsi wa miaka 23, kisha wakamrudisha mwaka 2022. Nchini Uganda, Proscovia Alengot Oromait alishinda uchaguzi mdogo wa Usuk mwaka 2012 akiwa na miaka 19, kwenye kiti kilichoachwa wazi na kifo cha baba yake. Uingereza, iliyotutawala, iliushusha umri wa kugombea ubunge hadi 18 kutoka 21 kwa sheria ya mwaka 2006. Sisemi kwamba mabunge ya nchi hizo yamejaa vijana. Hayajajaa, kwa kuwa fedha na kura za maoni ndani ya vyama ni kizuizi kikubwa kuliko cheti cha kuzaliwa, na mafunzo haya yenyewe yalilipitia suala la fedha kwa nusu saa tu, jambo ambalo nalo nimewaandikia. Lakini kizuizi cha fedha kijana anaweza kupambana nacho kwa michango ya watu wanaomwamini, na wajumbe anaweza kuwashawishi. Tarehe ya kuzaliwa haishawishiki.

Wala historia yetu haikuwa na woga huu. Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na mwanasheria mwenyewe alimtaja kwenye kipindi cha Ijumaa kama mfano wa kuigwa. Mwalimu Nyerere alikuwa na miaka 39 siku Tanganyika ilipopata uhuru, akiwa waziri mkuu, wakati Ibara ya 39 ya Katiba ya leo inamtaka mgombea urais awe ametimiza 40. Kuhusu urais nina subira zaidi, maana ni kazi ya aina nyingine na ninaweza kuelewa anayetaka miaka 35 kama Nigeria ilivyoamua mwaka 2018. Kwa mwenyekiti wa mtaa, diwani na mbunge sioni tena hoja inayosimama: anayeaminiwa kuchagua akiwa na miaka 18 aruhusiwe pia kuchaguliwa, na wapiga kura ndio waamue kama wanamwona amekomaa.

Kwa anayeuliza kuhusu ada, jibu langu ni kwamba kwa kijana aliyetimiza miaka 21 shilingi 60,000 ni halali kabisa, na mama diwani peke yake anastahili nusu ya fedha hizo. Kwa aliye chini ya umri huo, ulizeni kwanza kwa maandishi kama ataruhusiwa kwenye meza nne za Jumapili, na msilipe kabla ya kujibiwa. Mimi nimeandikisha vijana wawili kwa awamu ya Aprili, mmoja ana miaka 22 na mwingine 18, na pamoja na barua yangu nimeambatanisha nakala ya ile fomu iliyokunjwa mara mbili, ambayo mwenyewe ameniruhusu kuitumia. Ada ya yule wa miaka 22 nimelipa. Ya mwenzake ninaishikilia hadi nipate jibu.