Tovuti ya Kenya Law kwa anayeandika tasnifu ya kriminolojia: nyota nne

Nilitaka kuwahoji wafungwa. Kibali cha kuingia gerezani kikachelewa mpaka muhula ukabaki wiki tisa. Msimamizi wangu akaniambia, "Binti, hukumu zimejaa Kenya Law. Nenda ukazisome."

Kusoma ni bure na hakuna akaunti ya kufungua. Unaandika neno, unachagua mahakama na mwaka, unapakua. Mimi nilikuwa nafuata kesi za wizi wa mabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha katiba. Wizi wa mabavu nao adhabu yake kisheria ni kifo, kwa hiyo waliofungwa kwa kosa hilo wakamiminika Mahakama Kuu kuomba adhabu zao zipimwe upya. Nilipakua hukumu 46.

Kilichonishika ni ripoti za maafisa wa probesheni, wanaoichunguzia mahakama maisha ya mfungwa na familia yake; majaji huzinukuu. Katika moja, kijana aliingia ndani akiwa na miaka 22. Ripoti inaandikwa, mama yake ameshafariki, shamba wamegawana ndugu, na familia ya aliyeibiwa inasema imemsamehe ila haitaki kumwona sokoni. Gerezani amejifunza useremala. Jaji anayapima yote hayo aya kwa aya kabla ya kutaja miaka. Hakuna dodoso ambalo lingenipa haya.

Nyota niliyoibana ina sababu. Wizi wa mabavu husikizwa kwanza na hakimu, na humu nyingi ni hukumu za Mahakama Kuu kwenda juu. Aliyefungwa akakubali yaishe, asikate rufaa wala kuomba chochote, humpati. Kwa hiyo usiandike "wahalifu wa Kenya" kwa kutegemea tovuti hii. Andika "walioomba adhabu ipimwe upya". Nililitengea jambo hili aya nzima katika sura ya tatu, na siku ya kutetea tasnifu ndilo swali la kwanza nililoulizwa.

Angalia pia tarehe. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi wa Muruatetu unahusu mauaji pekee. Hukumu zangu saba zilikuwa za baada ya hapo. Nikazitoa, zikabaki 39.

Halafu majina. Yamo wazi, na sheria inaruhusu, lakini baadhi ya watu hawa wameshatoka na wanatafuta kazi. Niliwapa namba, M1 hadi M39, nikafuta na majina ya vijiji. Naomba nawe ufanye hivyo, hata kama hujaagizwa.

Weka daftari lenye safu nne: namba, umri, sababu alizotoa jaji, miaka aliyopunguziwa. Anza nalo hukumu ya kwanza. Mimi nilianza ya 20, ikabidi nirudie zote.