Godoro la "oganiki" nililonunua Kisumu: fungua zipu kabla ya kulipa

Mwezi wa nne nilinunua godoro la futi 5 kwa 6 katika duka moja hapa Kisumu mjini, shilingi 42,000. Lilikuwa na lebo ya kijani iliyoandikwa "oganiki", na muuzaji akaniapia, "Mama, hili halina kemikali hata kidogo." Kitinda mimba wangu ngozi yake huwashwa na kitu kidogo tu, kwa hiyo sikupigania bei.

Usiku wa kwanza harufu ilitutoa chumbani. Joto la mtaa wetu wa Kondele mnalijua, na joto ndilo huichochea harufu ya sponji mpya. Kulipokucha nikafungua zipu. Ndani mlikuwa na sponji ile ile ya kawaida itokanayo na petroli. Pamba ilikuwa kitambaa cha juu peke yake, chepesi kama shuka.

Ndipo nikaanza kuzisoma lebo kwa makini. GOTS ni cheti cha kimataifa cha nguo na nyuzi: bidhaa haiitwi oganiki mpaka angalau asilimia 95 ya nyuzi zake ziwe za kilimo hai. Zikiwa kuanzia 70 bila kufika 95, inaruhusiwa kusema tu kwamba imetengenezwa kwa nyuzi hizo. GOLS ni cheti cha godoro la mpira asilia, ule utomvu wa mti, nacho pia hudai asilimia 95. Sponji ya petroli haipati cheti chochote kati ya hivi viwili.

Lebo yangu ya kijani haikuwa na jina la aliyekagua wala nambari ya leseni, na lebo ya GOTS lazima iwe navyo. Nyuma ya zipu nilikuta nyingine, OEKO-TEX Standard 100, yenye nambari. Nikaitafuta kwenye tovuti yao: cheti ni cha kweli, lakini ni cha kitambaa. Siidharau, kwani hupima kemikali zenye madhara, na daraja lake la kwanza ni la vitu vya watoto hadi miaka 3. Ila haikuambii pamba ililimwaje.

Nilirudi dukani nikaomba cheti cha sponji. Hawakuwa nacho, na kubadilisha wakakataa.

Baada ya godoro kukaa siku tisa barazani harufu imeisha, na mgongo wangu unalisifu. Kama godoro la sponji nalipatia nyota tatu. Kwa neno "oganiki" silipatii hata moja. Mtoto bado analalia lile la zamani.