Mgahawa wa Moshi unaofundisha hesabu za timu

Kwa miezi kadhaa nimekuwa mteja wa mgahawa mmoja ulio jirani na Mnara wa Saa hapa Moshi, ambao Jumapili usiku huonyesha mechi za AHL, ligi ya hoki ya barafu iliyo chini ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini. Kabla ya mechi, mwenye mgahawa hueleza mambo ya fedha, na kwangu maelezo hayo yana thamani kuliko mechi yenyewe. Usiku tulipoitazama Hershey Bears, alichora mishale miwili kwa chaki, palepale ubaoni penye bei ya mtori: mmoja kutoka Washington Capitals, timu ya NHL ambayo tangu mwaka 2005 huitumia Hershey kama timu tanzu ya kukuzia wachezaji na huwalipa wachezaji iliowasajili, na mwingine kutoka kampuni ya hoteli na burudani ya mjini Hershey, inayoimiliki timu na kukusanya mapato ya tiketi. Toronto Marlies, timu nyingine ya AHL, alisema, iko chini ya wamiliki walewale wa Maple Leafs, timu ya NHL ya mji huohuo. Kwa sisi tunaoona timu zetu za madaraja ya chini zikikosa nauli, somo hili linahitajika mno. Intaneti hukatika, na hilo lirekebishwe upesi. Mtori ni mzito na huletwa ukiwa wa moto.