Digrii ya mtandaoni kwa mtu mzima wa Tanga: ipi uanze nayo, ipi uiweke kando

Nilirudi shule nikiwa na miaka 38, mama wa watoto wawili wa sekondari, kazi ya ukarani kutwa nzima, na stashahada iliyolala kwenye bahasha tangu ujana. Vitabu nilivifungua baada ya Isha, nyumba ikishatulia, hapa hapa Ngamiani. Tangu nilipomaliza haupiti mwezi bila mtu kunifuata: mwalimu wa Muheza, muuguzi, fundi wa bandarini mwenye wajukuu. Wote huanza vilevile: "Dada, chuo gani cha mtandaoni ni bei nafuu?"

Bei ya ada nawaambia tuiweke kiporo. Kwanza uliza mtihani unafanyikia wapi. Kisha uliza unalipa kwa somo au kwa mwaka mzima. Ukishapata majibu ya hayo mawili, nusu ya vyuo vinavyotangazwa kwenye simu yako vitakuwa vimejiondoa vyenyewe.

Sababu yake nimeilipia. Kabla ya chuo nilichomalizia, nilijiandikisha chuo kimoja cha Dar kilichokuwa na darasa la mwisho wa wiki. Ijumaa jioni nilikuwa kwenye basi, karibu kilomita 350, nalala kwa binamu, Jumapili usiku narudi, Jumatatu kazini macho mekundu. Nilivumilia hivyo mpaka mwezi wa nne wa masomo. Mdogo wangu akalazwa, nikakosa wiki tatu mfululizo, na ada ya muhula iliyokwisha kulipwa ikabaki huko huko. Ada yenyewe haikuwa kubwa. Nauli, chakula na uchovu ndivyo vilivyoifanya kuwa kubwa.

Mtu mzima akishindwa chuo, mara nyingi si akili iliyomshinda. Amekatizwa. Januari inakuja na ada za watoto, kuna msiba Pangani, mwajiri anakuhamishia Kilindi. Chuo kinachokuuzia somo moja moja kinakuruhusu kuchukua masomo mawili mwaka mgumu na sita mwaka mwepesi. Kinachodai ada yote mbele kinakuhesabia umeshindwa siku ile ile unayoteleza.

Kabla ya kuchagua, toa vyeti mezani

Hapa wengi wanaruka, halafu wanalia baadaye. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yake unaofikisha jumla ya pointi 4, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Aliyepitia stashahada anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama zake, isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo angalau manne ya kidato cha nne. Mwenye stashahada atahitaji pia namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na stashahada, ile wanayoiita AVN. Iombe mapema, usingoje dirisha la udahili likaribie kufungwa.

Angalia majina nayo. Kina dada wenzangu tunaumia sana hapa: cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, stashahada ina herufi moja iliyozidi. Lisawazishe hilo kwa wakili na hati ya kiapo kabla hujajaza fomu yoyote. Nimemwona mtu akisubiri mwaka mzima kwa ajili ya herufi "h". Na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, inayoanza na S au P, iandike mahali usipoweza kuipoteza. Utaulizwa kila hatua.

La kwanza: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania

Kwa mtu anayeishi Tanga na anayetaka digrii itakayokubalika kwa mwajiri wa hapa bila maelezo marefu, hiki nakiweka juu, na nafasi kati yake na vyuo vingine ni kubwa. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi hasa, wenye kazi na familia. Masomo yanawekwa mtandaoni, na kina vituo vya mikoa, Tanga ikiwa na chake. Kituo hicho ndicho kinachokifanya kiwe cha kwanza. Utakwenda pale kujisajili, kuuliza, kukutana na wenzako, na kufanya mtihani, usiku wa kuamkia siku hiyo ukiwa umelala kitandani kwako. Mtu wa Lushoto au Handeni bado atapanda gari, lakini anakwenda Tanga na kurudi, hana haja ya kuhamia Dar kwa wiki mbili.

Unalipa kulingana na masomo uliyojisajili. Siku ya kuulizia, usiridhike na "ada ni kiasi gani kwa mwaka". Omba muundo wote wa ada wa kozi yako, uhesabu mwenyewe: bei ya uniti mara idadi ya uniti zote mpaka mwisho, ada ya mitihani, kitambulisho, ada ya TCU ya shilingi 20,000 kwa mwaka, kisha mafunzo kwa vitendo kama kozi yako inayo. Juu yake weka bando la intaneti la kila mwezi na gharama ya kuchapa utafiti wa mwaka wa mwisho. Jumla hiyo ndiyo bei. Gawa kwa miezi unayotarajia kusoma, ulinganishe na kinachobaki kwenye mshahara wako baada ya makato, si kabla.

Udhaifu wake nausema wazi kwa kuwa nakipenda. Hakuna wa kukusukuma. Digrii inaweza kumalizwa kwa miaka mitatu, lakini mfanyakazi mwenye familia ajipangie minne au mitano, na aulize kikomo cha miaka kwa kozi yake kabla hajaanza kuahirisha. Upweke ndio unaowaondoa watu zaidi ya ugumu wa masomo. Tafuta wenzako wawili wa kozi ileile siku ya kwanza kituoni, muwe na siku yenu ya wiki kwenye maktaba ya mkoa, simu zimezimwa. Mimi bila dada mmoja wa Chumbageni aliyekuwa akinigongea mlango kila Jumamosi saa tatu, nisingefika mwaka wa pili.

Tena, lugha. Isipokuwa kozi ya Kiswahili yenyewe, utasoma na kuandika Kiingereza. Kama Kiingereza chako kimelala miaka 15, kiamshe miezi mitatu kabla ya kuanza, kwa kusoma ukurasa mmoja kila siku na kuandika muhtasari wake kwa mkono.

La pili: chuo hicho hicho, kwa mlango mrefu

Hili ni la mwenzangu ambaye vyeti vyake havikufika. Huria wana programu ya msingi, wengi wanaiita faundesheni, inayomwandaa mtu kuingia digrii. Inamfaa mwenye kidato cha sita kilichopungukiwa pointi au stashahada yenye GPA isiyofika 3.0, na ili ikufungulie digrii lazima uimalize kwa GPA isiyopungua 3.0. Aliyeishia kidato cha nne peke yake asidanganywe kwamba mwaka mmoja wa faundesheni unamtosha.

Kwake yeye njia ya uhakika ni astashahada, kisha stashahada, kisha digrii. Ni ndefu, kama miaka sita ukiunganisha bila kupumzika, ila kila hatua inakupa cheti unachoweza kuombea kazi. Hapa Tanga kuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, kwa hiyo hatua za mwanzo zinaweza kufanyika bila kuhama mji. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, nayo imezoea kufundisha kwa masafa, na mtu anayetaka kufanya kazi ya elimu na jamii aiulizie. Digrii yenyewe utaikuta Huria ukifika.

Kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na TCU na unaojulikana kwa kifupi RPL, ambapo mtu mwenye uzoefu mrefu wa kazi hupimwa kwa mtihani na jalada la kazi zake. Fundi wa miaka 20 aufikirie. Si njia ya mkato, maandalizi yake ni mazito.

La tatu: University of the People

Hiki ni cha Marekani, kilianzishwa mwaka 2009 na Shai Reshef, na chote kipo mtandaoni. Hakitozi ada ya masomo. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni bure, sivyo. Kuna ada ya maombi na ada ya tathmini kwa kila somo, inayozidi dola 100, na digrii ya kwanza ina masomo 40. Piga hesabu: ni zaidi ya dola 4,000 mpaka mwisho, ingawa unalipa somo moja moja na wanatoa ufadhili kwa wanaoomba. Utahitaji kadi inayokubali malipo ya nje.

Mihula ni ya wiki tisa, mitano kwa mwaka, na kila wiki kuna kazi ya kuwasilisha. Wanafunzi husahihishiana baadhi ya kazi. Kwa mtu wa biashara au kompyuta anayejitegemea, au anayetafuta kazi za mtandaoni, ni chaguo zuri kweli. Kwa mtumishi wa serikali nakiweka chini, kwa sababu cheti cha chuo cha nje lazima kipelekwe TCU kikatambuliwe na kulinganishwa ndipo mwajiri akipokee. Waandikie TCU kabla ya kulipa hata senti, utaje chuo, kozi na kwamba masomo yote ni ya mtandaoni, na jibu lao ulitunze.

La nne: Open University of Kenya

Kwetu Tanga, Kenya ni hapo Horohoro tu, kwa hiyo nimekuwa nikikifuatilia. Kilipewa hati mwezi Agosti 2023, makao yake yakiwa Konza, na kimejengwa kwa ajili ya mtandao tangu mwanzo. Bado ni kichanga na kozi zake si nyingi. Vyeti vyako vya NECTA vitalinganishwa na vya kwao, ambako mwanafunzi wa digrii kwa kawaida anadaiwa wastani wa C+. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 eneo la pamoja la elimu ya juu, jambo linalotia moyo, lakini cheti chako bado kitapita TCU. Kama kozi unayoitaka ipo kwao na hapa haipo, nenda. La sivyo, subiri kikomae.

La tano: UNISA

Heshima yake haina shaka. Chuo hiki cha Afrika Kusini kilianza mwaka 1873, na tangu 1946 kimejikita katika masomo ya masafa. Mandela alipata digrii yake ya sheria kwao mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kinachonifanya nikishushe ni nyongeza ya ada kwa wanafunzi wa nje na kupanda na kushuka kwa randi. Digrii za University of London za masafa zina historia ndefu zaidi, tangu 1858, ila kwa pauni. Mwenye mfadhili asome.

Usichonunua

Kozi za uuguzi, udaktari na uhandisi zinazodai kuwa za mtandaoni mwanzo mpaka mwisho, ziache. Fani hizo zina mabaraza na bodi zao, na zinataka mikono yako wodini au kiwandani. Wanaotaka ualimu nao wahakikishe kozi ina mazoezi ya kufundisha.

Anayekuahidi digrii ndani ya miezi sita kwa "uzoefu wako", mfungie simu. Chuo chochote cha ndani lazima uone jina lake, na jina la kozi yenyewe, kwenye mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huo. Tume imewahi kufuta usajili wa vyuo, kwa hiyo orodha ya miaka mitatu iliyopita haikusaidii. Ada ya chuo cha umma inalipwa kwa kontroli namba. Ukitumiwa namba ya simu ya mtu binafsi ulipie huko, hata kama anaongea kwa upole kiasi gani, usitume.

Mtumishi wa serikali: andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo na uhakikishe umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla ya kuanza. Nawajua waliomaliza vizuri kisha wakakwama kubadilishiwa muundo, yaani kupewa cheo kinachoendana na digrii, kwa sababu barua hiyo haikuwamo kwenye jalada. Na kuhusu Bodi ya Mikopo, miongozo yake imekuwa ikiweka kikomo cha umri wa miaka 35 kwa waombaji, hivyo wengi wetu tupange kwa mfuko wetu wenyewe, au kwa kikoba.

Dirisha la udahili kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Julai. Ukitaka kuingia mwaka huu, majina yasawazishwe kufikia Aprili, AVN iwe mkononi kufikia Juni. Nenda kituoni asubuhi ya siku ya kazi, beba vyeti halisi na nakala mbili, cheti cha kuzaliwa, na daftari lenye maswali yako yote ya ada. Usiondoke mpaka kila mstari wa daftari umepata jibu la tarakimu.